Chumba cha Nyuma ya Mashine

Shangazi yangu hakuwahi kumwogopa mtu, na hilo ndilo lililomponza. Ndivyo nisemavyo mimi. Majirani wana yao: wengine wanamlaumu mkaguzi, wengine wanamsingizia shetani, na wapo wanaosema ilikuwa bahati mbaya tu, kana kwamba bahati mbaya ndiyo iliyopanda ngazi na mpira wa upepo mkononi.

Mashine ya kusaga aliachiwa na marehemu mumewe, ikiwa imekufa kabla ya mwenyewe kufa. Ndugu wa mume walimshauri aiuze kama chuma chakavu. Akawaambia akihitaji ushauri atawaita, na hakuwaita. Alimtafuta fundi, akafungiwa mota ya umeme, na baada ya muda mfupi watu wa mitaa yote ya karibu wakawa wanakuja na ndoo zao kichwani. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na kazi yangu ilikuwa kukaa barazani nikisuka na kufumua nywele. Siku moja akanipitia akaniambia, "We mtoto, inuka, uje ushike mizani." Nikainuka. Kwa shangazi mtu alikuwa haulizwi mara mbili.

Mashine ilikuwa ndani ya nyumba ndefu ya paa la bati, ukuta wa matofali, mapau ya mbao juu, na dirisha moja. Dirisha lile tulilifunga kwa ubao kwa sababu mama wa jirani alikuwa akilalamika kwamba nguo zake kwenye kamba zinapakwa unga. Kwa hiyo unga ukawa hauna pa kwenda. Ulikaa kwenye kope zetu, kwenye nyaya, kwenye kiti changu, na juu ya mapau ulikuwa umelala mnene kama godoro. Mteja akiutazama na kutikisa kichwa, shangazi alikuwa akimwambia, "Usiuonee gere, hiyo ni akiba yangu ya uzeeni."

Alikuwa na sheria moja tu pale, nayo ni kwamba mashine haizimwi mteja akiwa amesimama. Ule chakula chako mashine ikinguruma, uumwe kichwa mashine ikinguruma. Fundi aliizoea. Huyu Fundi ndiye yuleyule aliyefunga mota. Alikuja kwa kazi ya siku moja na hakuondoka tena. Alikuwa mtu wa maneno machache, na macho yake hayakubanduka kwenye bakuli la juu ambako nafaka inamiminwa. Mashine ile ikisaga bila kitu tumboni, vyuma vyake vilikuwa vinagongana, na Fundi hakuweza kuuvumilia mlio huo hata kidogo. Aliruka kama mtu aliyeitwa na mama yake.

Alipooa, shangazi aliwapa chumba cha nyuma. Kilikuwa stoo, kimeshikana ukuta na mashine, kina mlango wa kutokea uani na mwingine mdogo wa kuingilia kwetu. Ukuta ulikuwa ukitetemeka kutwa nzima. Ukiweka kikombe mezani kinatembea chenyewe. Mke wa Fundi hakuwa na neno. Alikuwa akishona magunia yetu yaliyotoboka kwa ile sindano ndefu, akiegemeza mgongo ukutani, na alikuwa akisema ukuta unamkanda mgongo bure. Shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto, alimwita "mkwe wangu", na wao wote wawili walimwita Mama. Sijapata kumwona shangazi analainika kwa mtu mwingine. Mimi damu yake nilikuwa napigiwa kelele, mkwe wake anapelekewa chai.

Basi ikaja ile kanuni. Ilitangazwa na gari lenye vipaza sauti, likienda taratibu huku limezongwa na mbuzi na baiskeli: biashara zote zinazotoa vumbi linaloweza kushika moto, yaani mashine za kusaga na karakana za mbao, haziruhusiwi tena kushikana na nyumba za watu. Zihamie eneo la viwanda, kule ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Nani atatembea mpaka machimboni na ndoo ya mahindi kichwani? Shangazi akihamia kule, mashine ingekufa mara ya pili, na safari hii pasingekuwa na wa kuifufua. Alilijua hilo kabla gari halijamaliza kupita.

Mkaguzi alikuja asubuhi, foleni ikiwa imefika barabarani. Kijana mwembamba wa miwani, mpole, sauti yake ikishindana na mashine. Alimwamkia shangazi vizuri, akatazama mapau, akatazama dirisha lililofungwa, na nikamwona anarudi nyuma hatua moja bila kujijua.

"Mama," akasema, "hili vumbi linaweza kuwaka. Na si kuwaka tu. Linaweza kulipuka."

"Vumbi gani?"

"Huu unga, mama."

Shangazi akaigeukia foleni. "Jamani mmesikia? Kumbe siku zote tunakula baruti."

Watu wakacheka. Ndipo akafanya kituko chake. Alichukua sinia, akamwaga unga ukawa lundo, akawasha njiti ya kiberiti na kuichomeka katikati. Ikazima. Akawasha nyingine. Ikazima. "Nyumbani kwangu kaa likiruka jikoni nalizima kwa konzi ya unga," akasema. "Mwanangu, wewe unakula chakula ulichopikiwa. Nenda jikoni siku moja uone mambo." Wanawake walishikana mabega kwa kicheko. Hata mimi mbavu ziliniuma, sina haja ya kudanganya.

Yule kijana hakukasirika. Alingoja kicheko kiishe. "Ukiwa umelala hivyo hauwaki, mama, ni kweli kabisa. Shida ni ukipaa. Ukijaa hewani ndani ya chumba kilichofungwa, cheche moja inatosha."

"Basi tusipige chafya," mtu akasema kwenye foleni, na kicheko kikaanza upya. Kuanzia siku ile mtaa mzima ukamwita Bwana Kiberiti.

Hata hivyo hakuja kumfukuza. Alimweleza kwamba anayeomba anaweza kuongezewa muda wa kubaki alipo, ila kwa masharti, na kamati inayoamua maombi hayo ingekuja Alhamisi kujionea. Dirisha lifunguliwe. Unga wa juu utolewe, lakini taratibu, kwa kitambaa kibichi, mashine ikiwa imezimwa. Na chumba cha nyuma asilale mtu. Hili la mwisho alilisema akiutazama ule ukuta, maana mke wa Fundi alikuwa ametokeza kichwa kwenye mlango mdogo kusikiliza vichekesho.

Shangazi alisikia mambo mawili tu. La kwanza lilikuwa usafi, na akaona limemalizika papo hapo, kwani nani anafundishwa kufagia na kijana wa juzi? La pili lilikuwa chumba, na hilo lilimchoma.

"Wanataka niwatupe watoto wangu barabarani," alisema jioni ile tukifunga mizani. "Kwa sababu ya unga."

"Mama, sisi tunaweza kutafuta kwingine," mke wa Fundi akamwambia. "Hata kesho. Si tatizo."

"Kwingine wapi?"

"Popote. Tutapata."

"Mkwe wangu, kwangu hafukuzwi mtu. Kaa kitako ushone magunia."

Fundi alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Alimtazama mkewe, akamtazama shangazi, akaendelea kufuta. Nilidhani atasema kitu. Lakini utamwambia nini mtu aliyekupa paa, ambaye anagombana na serikali kwa ajili yako?

Shangazi akatafuta njia ya mkato. Kama kamati haitaki kuona chumba cha kulala, itaona stoo. Jumatano asubuhi tulikusanya magunia yote ya pumba, mimi na yeye, tukayapanga nje ya mlango wa uani mpaka yakaufunika, ili mtu akizungukia nyuma asijue kama pana mlango. Ndani mke wa Fundi akawa anakunja matandiko, anasukuma vyombo chini ya kitanda, na kukifunika kitanda chenyewe kwa magunia matupu. Nilimuuliza shangazi huyu atatokea wapi.

"Si kuna mlango wa kwetu? Atatokea mbele. Ana miguu," akasema, Fundi akiwa karibu anasikia.

Kisha akageukia mapau. Vitambaa vibichi havikuonekana siku ile. Sisi tulikuwa na namna yetu ya kusafisha, na mashine zote ninazozijua husafishwa hivyohivyo: unaazima mpira wa upepo kwa mziba matairi wa jirani, unapuliza, unga unatoka mlangoni wenyewe, kazi kwisha. Ila tulikuwa tunapuliza sakafu na kona tu. Mapau hayakuwahi kuguswa tangu enzi za marehemu. Shangazi akajifunga kanga kiunoni, akapanda ngazi mwenyewe, na akapuliza.

Sijui niseme nini kuhusu unga ule. Ulishuka mzima mzima, kisha ukagoma kushuka, ukasimama hewani. Mchana ukawa mweupe ndani. Mlango ulikuwa wazi lakini ulikuwa ukitoa kidogo tu, na lile dirisha lilikuwa bado na ubao wake, tulisema tutaling'oa tukimaliza. Wateja wakatoka nje wakikohoa na kutukana kwa utani. Nikavuta mizani yangu mpaka kizingitini nipate kupumua.

"Mama, tuzime kwanza," nikamsikia Fundi. "Sioni hata mkanda."

"Mteja amesimama, utazimaje?"

"Mama, sioni bakuli."

"Mahindi ya watu yamo humo, acha yasagike. Wewe nenda kwa mziba matairi, mwambie aongeze upepo, huu unanichezea."

Fundi akatoka. Alipita karibu yangu, mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni, akapepesa macho kwenye jua na kuelekea kwa jirani. Shangazi akashuka, akaburuta ngazi mpaka mlangoni ili amalizie pau la mwisho, akapanda tena. Kwenye ukungu ule mahindi yakawa yanakwisha bakulini, na asiyekosa kuyatazama hakuwepo. Nikasikia mlio wa mashine unabadilika. Chuma kwa chuma. Nikageuza shingo kumtafuta Fundi barabarani.

Mlipuko wa kwanza haukuwa mkubwa. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Ulikuwa kama mtu amebamiza mlango kwa hasira. Nikaona mwanga wa njano ndani ya ule weupe, ukuta ukatikisika, na unga wote uliokuwa umebaki kwenye kuta na bati ukaporomoka kwa pamoja. Wa pili ndio ulioondoa paa.

Nilijikuta ng'ambo ya barabara, mizani juu ya miguu yangu, masikio yamekufa. Shangazi alikuwa amelala karibu na mfereji. Nywele zake hazikuwepo, na mikono ilikuwa imeungua mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anajaribu kuinuka kwa kutumia mikono hiyohiyo. Midomo yake ilikuwa inachezacheza na mimi sisikii. Baadaye nilijua alikuwa anasema, "Mkwe wangu. Mtoeni mkwe wangu."

Fundi alifika kabla ya wote. Ukuta ule uliokuwa ukimkanda mkewe mgongo ulikuwa umelala ndani ya chumba, na mbele, kwenye mlango mdogo, kulikuwa na moto mtupu. Akazunguka uani. Akayakuta magunia. Nilimwona akiyang'oa moja moja na kuyatupa nyuma yake, watu wakaja kumsaidia, na magunia ya pumba si mazito, mtu yeyote anaweza kunyanyua moja. Yalikuwa mengi tu. Walipoufikia mlango ulikuwa hauna tena maana.

Tulimzika kesho yake, Alhamisi ya kamati. Mkaguzi alikuja. Alisimama nyuma kabisa ya watu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilingoja aseme "niliwaambia" ili nimrukie, kwa sababu nilikuwa natafuta wa kumrukia. Hakunipa nafasi.

Shangazi alikaa hospitali muda mrefu. Siku aliyotoka alitaka apelekwe kwanza kwa Fundi, ambaye alikuwa amepanga chumba mbali na mtaa wetu. Tulimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimpisha shangazi kiti, adabu haikumtoka. Shangazi akamwomba radhi. Alimwomba kwa maneno marefu, yeye ambaye hakuwahi kumwomba mtu radhi maishani, machozi yakimshuka na mikono yake haiwezi kuyafuta. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "ulisema atatokea mbele."

Hatukukaa.

Tangu hapo shangazi anaishi kwangu. Nina vyumba viwili; nimempa cha pembeni, chenye ukuta mzuri usiopitisha maji, kilichoshikana na karakana ya seremala. Namlisha kwa kijiko, namfunga kanga, na huniambia kijiko kimejaa mno au hakijajaa. Kelele zake za zamani zimemtoka. Ningetoa chochote anipigie kelele.

Mwaka huu zamu ya kanuni ikamfikia seremala. Si mtu mbaya. Ndiye aliyetutengenezea jeneza la mke wa Fundi, na alilipiga msasa usiku kucha. Lakini machimboni hataki kwenda, na nani atamlaumu? Akaomba aongezewe muda, na kamati ikaitisha kikao kwenye ukumbi wa shule tuseme tuna pingamizi gani. Mkaguzi alikuwepo, ameketi pembeni na faili lake, amenenepa kidogo. Akaeleza yaleyale: vumbi la mbao likilala, likipaa, cheche.

Seremala akasimama na sinia. Akamwaga vumbi la msumeno likawa lundo, akawasha njiti, akaichomeka. Ikafuka moshi, ikazima. "Mnaona wenyewe," akasema. Watu wakacheka. Nawaapia, walicheka, watu walewale waliobeba jeneza. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanamtetea mwenzao kama walivyomtetea shangazi, na njiti ikizima mbele ya macho yako ni vigumu kuamini kitu kingine.

Shangazi akanyanyuka. Nilimshika kanga, akajichomoa. Kicheko kikakatika, mwenyekiti wa kamati akainamisha macho. Nilidhani atawaonyesha mikono, akawa ameificha ndani ya kanga. Nilidhani atawatukana.

"Baba," akamwita seremala, kwa upole. "Chumba chako cha nyuma analala nani?"

Seremala akashusha kiberiti. Akalitazama sinia.

"Mama yangu," akasema.

Shangazi akaitikia kwa kichwa, akakaa chini.

Wiki ile seremala alimhamisha mama yake kwa dada yake, pamoja na kitanda na kabati. Tulimwona akimsaidia kupanda mkokoteni, akimwekea mto mgongoni. Kamati ikaona chumba cha nyuma kimekuwa kitupu kwelikweli, sharti limetimia, ikamwongezea muda. Upande wa pili wa karakana, ambako ndiko kwetu, mkaguzi aliutaja kwenye taarifa yake. Naambiwa utashughulikiwa awamu ijayo. Nimekwenda kupiga kelele ofisini mpaka mlinzi ananijua. Kuhama sina uwezo.

Msumeno unaanza asubuhi na unatetemesha ukuta, na shangazi ametulia tu kitandani, kikombe chake kinatembea mezani. Kelele hazimsumbui. Msumeno ukinyamaza ndipo anaponyanyuka, ananiita nimshike kiti, tunatoka nje na kukaa ng'ambo ya barabara, jua liwe kali namna gani. Wapita njia wanatuamkia. Tunakaa pale tukiutazama mlango wa seremala, kwa sababu msumeno ukinyamaza ndipo wanapoanza kufagia.